Kusafisha Darasa Zima kwa Mtungi Mmoja wa Maji

Ijumaa alasiri, katika shule nyingi za msingi za Kaunti ya Machakos, kuanzia Mwala hadi Kathiani, usafi hufanywa kwa mtindo ule ule. Watoto waliokuja asubuhi na mitungi midogo ya lita tano kutoka nyumbani humwaga maji sakafuni, wengine husugua kwa fagio, wengine husukuma matope hadi nje ya mlango. Baada ya nusu saa sakafu inang'aa na mwalimu wa zamu ameridhika. Lakini komeo la mlango halijaguswa na kitambaa tangu muhula uanze. Kikombe cha plastiki kilichofungwa kwa kamba kwenye tangi la maji, ambacho wanafunzi wote hukinywea, kimesuuzwa kwa maji matupu. Madawati yamepanguswa vumbi, basi.

Maji yale yamekwenda mahali ambapo hayakuhitajika sana. Na huku Ukambani maji si kitu cha kumwaga ovyo. Mvua ni za misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na msimu mmoja ukikosa, watu hununua maji kwa mtungi wa lita 20 yaliyoletwa na punda, au huchimba mchanga wa mto uliokauka mpaka wayafikie. Maelekezo mengi ya usafi yameandikwa na watu wenye mfereji unaotoa maji kutwa nzima. Haya ninayokupa yanachukulia kwamba una mtungi mmoja, sabuni ya unga, chupa ya jiki na vitambaa vilivyokatwa kutoka kwa fulana kuukuu. Hivyo vinatosha, mradi ujue pa kuanzia na pa kuishia.

Kwanza tafuta mahali mikono inapokutana. Simama karibu na mlango wa darasa wakati wa mapumziko uangalie watoto wanashika nini. Utaona ni komeo na ukingo wa mlango, sehemu ya juu ya dawati na ile ya chini ambako hubandika ubani, koki ya tangi, kikombe, mlango wa choo, mpira, vitabu vinavyosomwa na watoto watatu kwa pamoja, na mpini wa fagio ambao haukumbukwi kamwe kwa sababu fagio lenyewe huonekana ni chombo cha usafi. Nyumbani ni swichi ya taa, kitasa, rimoti ya runinga, simu, kifuniko cha mtungi wa maji ya kunywa, na kopo la kuchotea.

Wanaoishi katika ploti za kupanga kule Mlolongo na Athi River, ambako nyumba kadhaa hutumia choo kimoja na bafu moja, wana kitu kingine cha kuongeza, nacho ni ufunguo wa choo. Mara nyingi umefungwa kwa kipande cha mbao ili usipotee. Mtu anatoka chooni, anafunga kufuli kabla ya kunawa, anaurudisha ufunguo juu ya meza ya jikoni, na jirani anaufuata pale pale. Mbao hunyonya kila kitu. Itoe hiyo mbao, uweke mahali pake kipande cha plastiki ngumu kinachooshwa, utundike ufunguo kwenye msumari nje ya nyumba zote, na mtu mmoja kwa zamu aupanguse kila siku kwa sabuni na jiki. Kama kuna jambo moja tu ambalo wapangaji wa ploti watakubaliana kulifanya, ningependa liwe hilo.

Kuta, dari na uwanja haviko katika orodha yangu. Mwaka 2020, Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona tarehe 13 Machi na shule zikafungwa siku chache baadaye, tuliona masoko na barabara vikinyunyiziwa dawa na watu waliovaa mavazi meupe. Mei mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kunyunyizia mitaa dawa hakupendekezwi, kwa kuwa vumbi na uchafu huimaliza nguvu dawa yenyewe, na kwamba kumnyunyizia mtu ni hatari. Picha zilipendeza, fedha zikaenda. Barabara haishikwi na mikono ya watu, komeo la mlango linashikwa.

Sababu iliyofanya dawa ile ishindwe barabarani ndiyo hiyo hiyo inayofanya jiki ishindwe kwenye dawati chafu. Klorini iliyo ndani ya jiki haichagui. Ikikutana na mafuta ya mikono, uji uliomwagika au udongo mwekundu wa viatu, inajimaliza kwa uchafu huo kabla ya kuvifikia viini. Ndiyo maana mtu anaweza kumwaga jiki nyingi, chumba kizima kikanuka, na viini vikabaki salama chini ya uchafu. Sabuni hutangulia, jiki hufuata. Na kusema kweli, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na sabuni pamoja na nguvu ya mkono. Sabuni huvunja utando wa mafuta unaozunguka virusi kama vile vya korona na homa ya mafua. Viini vingine inaving'oa tu, vikaondoka na maji. Mayai ya minyoo ya tumbo, yanayoletwa darasani na nyayo na vidole vyenye udongo, hayauawi na jiki ya kawaida hata ukiyaloweka. Dawa yake ni kusugua na kuyaondoa.

Hapa kuna jambo la Ukambani lenyewe. Maji ya visima vingi vilivyochimbwa kwa mashine huku yana chumvi na madini mengi, na sabuni ya kipande haitoi povu ndani yake. Inaganda na kuacha ukoko mweupe mezani, na ukoko huo nao hushika uchafu. Kama haya ndiyo maji yako, tumia sabuni ya unga au ya maji badala ya kipande, kwa sababu hizo huyastahimili zaidi maji magumu. Ukiwa na maji ya mvua kidogo kwenye tangi, yaweke kwa karai la sabuni, na yale ya chumvi yafanye kazi ya kusuuza na sakafu.

Sasa gawa mtungi wako. Kwa darasa moja mimi hugawa hivi: lita nane kwenye karai la sabuni, lita sita za kusuuza, lita tano kwenye ndoo ya jiki, na lita moja inayobaki ni ya mikono ya wanaofanya kazi. Kabla ya kulowesha chochote, nyunyiza maji kidogo sakafuni ndipo ufagie, hasa shule zinapofunguliwa baada ya likizo. Panya na popo hukaa madarasani Agosti na Desemba nzima, na kufagia vinyesi vyao vikiwa vikavu ni kujipulizia puani.

Kitambaa kina ufundi wake, na ndio unaookoa maji. Kikunje mara mbili kiwe robo. Kwa kukikunja upya unapata pande nne za nje, na ukikigeuza ndani-nje una nyingine nne. Dawati moja, upande mmoja. Ukimaliza pande zote nane ndipo urudi kwenye karai. Anayechovya kitambaa kile kile baada ya kila dawati huyafanya maji kuwa machafu kabla ya kufika safu ya tatu, na kuanzia hapo anapaka uchafu wa dawati la kwanza kwenye la mwisho. Panguza ukielekea upande mmoja, usizungushe. Anza na vitu visivyo vichafu sana, umalizie vilivyo vichafu: dirisha na meza ya mwalimu, halafu madawati, halafu mlango na komeo lake. Choo kina vitambaa vyake na ndoo yake, vya rangi nyingine, na haviingii darasani kwa sababu yoyote. Kama huna rangi mbili, kata pembe moja ya vile vya choo.

Baada ya sabuni na kusuuza inakuja jiki, na hapa ndipo hesabu inapohitajika. Tazama kibandiko cha chupa. Jiki nyingi zinazouzwa Kenya huwa na asilimia 3.5 ya dawa, au karibu na hapo. Kwa madawati, makomeo na mifereji unahitaji nguvu ya asilimia 0.1. Gawanya nguvu iliyo kwenye chupa kwa nguvu unayotaka, kisha utoe moja, na jibu ndilo idadi ya vipimo vya maji kwa kila kipimo cha jiki. 3.5 gawanya kwa 0.1 ni 35, toa moja, ni vipimo 34 vya maji. Kwa lita moja hiyo ni kama vijiko viwili vya mezani. Kwa ndoo yako ya lita tano ni mililita 150, yaani nusu ya ujazo wa chupa ya soda ya kioo ya mililita 300. Lakini usipimie chupa ya soda yenyewe. Tafuta kopo la plastiki, lichore mstari kwa rangi, na liwe la jiki peke yake.

Jiki ya kupimiwa dukani, ile inayomiminwa kutoka mtungi mkubwa hadi kwenye chupa yako, ni bei nafuu lakini hujui nguvu yake. Klorini hupungua ikikaa juani au mahali penye joto, na haihitaji muda mrefu, hasa duka likiwa na paa la mabati. Kama una namna, nunua chupa yenye kibandiko na tarehe. Iliyochanganywa na maji ni ya siku ile ile, kesho yake ni maji tu yenye harufu. Changanya kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huifukuza dawa.

Halafu subiri. Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Jiki haiui viini kwa kuvigusa tu, inataka muda ikiwa mbichi juu ya kitu. Ipe dakika kumi. Februari au Septemba, chini ya mabati ya Masii au Matuu, dawati linakauka kabla hujafika mwisho wa safu. Kwa hiyo lowesha vizuri, na ukiona limekauka mapema, rudia. Fanya kazi hii asubuhi au jioni badala ya saa nane mchana. Zile dakika kumi zikiisha, panguza sehemu za chuma kwa maji safi, la sivyo miguu ya madawati itashika kutu ndani ya muhula mmoja. Mbao ambayo haijapakwa vanishi hunyonya dawa na kuficha uchafu kwenye nyufa. Isugue kwa brashi, kisha madawati yatolewe nje yakae juani mchana mzima mwishoni mwa muhula. Jua la Machakos ni la bure na linafanya kazi.

Maji yaliyobaki usimwage. Maji ya sabuni yaende sakafuni. Yale ya kusuuza yaende kwenye sakafu ya choo. Ya jiki yaje mwisho, juu ya sakafu hiyo hiyo ya choo ikishaoshwa. Kwa njia hiyo mtungi mmoja umefanya kazi ya mitatu.

Nirudi kwenye kile kikombe cha tangi, kwa sababu nakiona ndicho chombo hatari kuliko vyote shuleni. Midomo mia inakigusa kwa siku, na mahali ambapo hakuna mfereji, mkono mzima huzama ndani ya pipa pamoja nacho. Kenya ilikuwa na mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2022 na kuendelea mwaka uliofuata, na ugonjwa ule husafiri kwa maji na chakula vilivyoguswa na mikono michafu. Suluhisho la kwanza ni kila mtoto aje na kikombe au chupa yake yenye jina. Kwa wasioweza, nunua vikombe vya plastiki vya kutosha darasa moja na uweke mabeseni mawili. Katika la kwanza kuna vikombe safi vilivyofunikwa kwa kitambaa, la pili ni la kutupia vilivyotumika. Anayekunywa hachukui kutoka beseni la pili. Vikombe huoshwa kwa sabuni, vikasuuzwa, vikalowekwa dakika tano kwenye maji yenye kijiko kimoja cha chai cha jiki kwa kila lita, na vikapangwa kifudifudi kwenye uchanja vikauke vyenyewe. Usivikaushe kwa taulo. Pipa liwe na mfereji chini na kifuniko juu. Kama halina, tumia kopo lenye mpini mrefu ambalo halinywewi.

Jikoni, nyumbani au shuleni, mpango ni huo huo na una nyongeza chache. Uchanja wa vyombo, ambao wahamasishaji wa afya ya jamii hukagua wakipita nyumba kwa nyumba, una maana kwa sababu sahani ikikauka juani haihitaji kitambaa. Kitambaa cha jikoni kinacholala kibichi kwenye sinki usiku kucha asubuhi kimejaa bakteria kuliko sakafu. Kioshe kila jioni, kichemshe mara moja kwa wiki, kianikwe. Kibao cha kukatia nyama kisikate sukuma wiki kabla ya kuoshwa kwa sabuni na kulowekwa kwa yale maji ya kijiko kimoja. Bibi zetu walisugua sufuria kwa jivu na mchanga, na kwa masizi na ukoko wa muthokoi bado sijaona kinachoshinda. Jivu linang'oa vizuri, ila sufuria isuuzwe mpaka maji yawe maangavu.

Ghala la mahindi na maharagwe ya githeri la shule ni jambo zito zaidi, ingawa watu hawalihesabu kama usafi. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, yaliwaua watu 125 miongoni mwa wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao Makueni na Kitui, na Machakos pia iliguswa. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Kinachowezekana ni kuuzuia ukungu. Kabla mahindi mapya hayajaingia, toa kila punje ya zamani, fagia nyufa, panguza kuta na mbao, uache milango wazi mpaka ghala likauke kabisa. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta. Mahindi yasiyokauka yasiingie, hata kama mzazi aliyeyaleta ataudhika.

Mtoto akitapika au kuharisha darasani, mpango unabadilika kidogo. Wenzake watoke, madirisha yafunguliwe. Anayesafisha avae glavu. Akikosa, karatasi mbili za nailoni za mkate kwa kila mkono zinasaidia, maana mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Usifagie wala usimwage maji, utasambaza. Funika kwa mchanga mkavu au magazeti, kokota kutoka kandokando kuelekea katikati, zoa na ukatupe chooni, magazeti yachomwe. Osha pale kwa sabuni. Kisha tumia jiki kali zaidi, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, ambayo ni asilimia 0.5, ukilowesha eneo pana kuliko lile lililoonekana kuchafuka. Dakika kumi tena. Sanitaiza ya mikono haifai hapa. Virusi vingi vinavyoleta matapishi ya ghafla kwa watoto huistahimili pombe. Aliyesafisha anawe kwa sabuni.

Choo cha shimo nacho kina mtego. Mkojo una amonia, na jiki ikiukuta hutoa moshi unaochoma koo na macho. Mwaga maji ya sabuni kwanza, sugua, suuza, ndipo ulete jiki. Vivyo hivyo usichanganye jiki na ndimu, siki, au dawa za kung'arisha sinki la choo, ambazo aghalabu ni asidi, kwa kuwa hapo hutoka gesi ya klorini yenyewe. Watu wamezimia vyooni kwa kufikiri dawa mbili ni bora kuliko moja. Usimwage jiki ndani ya shimo. Itawaua bakteria wanaomeng'enya kinyesi, na shimo lijae upesi. Ndani ya shimo mwaga jivu. Jiki ni ya sakafu, mlango, na mahali mkono unapojishikiza.

Kibuyu chirizi kikae hatua chache kutoka mlango wa choo, chenye kamba ya kukanyaga kwa mguu ili mkono usiguse kitu kabla ya kunawa. Sabuni ya kipande huibwa au huliwa na kunguru, kwa hiyo changanya sabuni ya unga kwenye chupa ya maji, toboa kifuniko, uitundike. Inadumu muda mrefu kwa gharama ndogo.

Mabweni nitayapitia haraka. Upele husambaa kwa ngozi kugusana na kwa malazi, na wadudu wake hufa wakikosa ngozi ya mtu kwa siku kadhaa. Blanketi zifuliwe kwa maji moto na kukaushwa juani, au zifungwe kwenye gunia la plastiki kwa wiki nzima, huku wagonjwa wote wakitibiwa siku moja. Taulo, vitana na kofia visikopeshwe. Mapunye hupita hapo, na macho mekundu vilevile, kama wakazi wa Mombasa walivyoona mapema mwaka 2024. Kinyozi anayekuja shuleni apanguse mashine kwa spiriti baada ya kila kichwa, na kama hataki, asilipwe. Vishikwambi ambavyo serikali ilianza kuvigawa katika shule za msingi mwaka 2016 hupanguzwa vikiwa vimezimwa, kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa spiriti ya asilimia 70. Jiki itaviharibu. Kifua kikuu nacho hakiambukizwi na meza. Hewa ndiyo hukibeba, na hapo kazi ni ya madirisha wala si ya kitambaa.

Darasa lipanguzwe mara ngapi? Komeo, mifereji na milango ya vyoo, kila siku. Madawati, mara mbili kwa wiki kwa sabuni, na jiki mara moja, au kila siku kukiwa na mlipuko wa kuhara au mafua. Nyumbani, swichi na vitasa mara moja kwa wiki vinatosha kama hakuna mgonjwa. Akiwepo, ni kila siku.

Watoto wanaweza kufanya kazi ya sabuni na vitambaa, na ni vizuri waijue. Kupima na kuchanganya jiki ni kazi ya mtu mzima, dirisha likiwa wazi. Ikimrukia mtu jichoni, aoshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15, hapo ndipo apelekwe zahanati. Aliyeinywa asilazimishwe kutapika. Asukutue mdomo na apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Na jiki isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa siku moja, kwa sababu mtoto mwenye kiu hasomi kilichoandikwa.

Kuna desturi moja ambayo ningependa ikome, nayo ni kuosha choo kuwa adhabu ya waliochelewa. Mtoto anayeosha choo kwa hasira anakimwagia maji na kukimbia, na anajifunza kwamba usafi ni wa wakosaji. Iwe zamu ya kila darasa, na mwalimu wa zamu akague komeo kabla ya kukagua sakafu.

Mwanzoni mwa muhula bodi za shule hukaa kupanga matumizi. Wazazi mlio kwenye bodi hizo, hakikisheni sabuni, jiki na vitambaa vina mstari wao kwenye bajeti, vikinunuliwa kabla ya rangi ya lango na kabla ya kibao kipya chenye wito wa shule. Mkiambiwa fedha hazitoshi, ulizeni lango lilipakwa rangi kwa fedha zipi.